Ukingo wa njia haukuwekwa upandwe

Jioni ya Idi ya mwaka jana niliazima pikapu ya mlamu wangu. Kazi yake ni kukodisha hema na viti vya harusi, na siku ile gari halikuwa na safari. Watoto na mama yao walitangulia na tuktuk. Mimi nikapakia mikeka, sufuria ya pilau na dumu la maji, nikaelekea Mama Ngina.

Anayeijua Mama Ngina siku ya Idi hahitaji kuhadithiwa. Mji mzima huhamia kule. Watu wa Kibokoni, wa Majengo, wa Kisauni, na wa Likoni waliovuka na feri, wote hukutana chini ya ile mibuyu. Mabinti wana hina mpaka viwikoni, watoto wana nguo mpya ambazo kufikia magharibi zimeshapata doa la ukwaju. Huku mihogo inakaangwa, kule mishkaki, pale madafu yanachongwa. Meli kubwa ikipita kuingia Kilindini, watu huipungia mikono kana kwamba nahodha ni jamaa yao. Na nafasi ya kuegesha gari hupatikana kwa dua.

Mimi niliipata, alhamdulillahi. Shida ilikuja wakati wa kuondoka. Mbele yangu palikuwa na Probox, nyuma yangu gari dogo lililosogezwa mpaka limekaribia kulibusu langu. Wenyewe hawapo. Kulia ni barabara lakini sina pa kukunjia. Kushoto ni ukingo wa saruji, na ng'ambo ya ukingo ni njia ya waendao kwa miguu. Nimesimama nakuna kichwa, kijana mmoja akapita akaniambia, "Panda tu mzee wangu. Hiyo ni pikapu bwana, si Vitz."

Maneno yale yalinipendeza. Nikaingia garini, nikakata usukani kushoto, nikapanda.

Gurudumu la mbele lilikwea bila taabu. Nikatazama mbele: watu wamenipisha, njia nyeupe. Nikasonga polepole. La nyuma nalo likakwea, na hapo nikasikia kitu kikivunjika, mlio mkavu, kisha kelele za watu. Nikashuka mbio. Chini ya gurudumu la nyuma la kushoto palikuwa na stuli ndogo ya plastiki imesagika. Kando yake, kiasi cha hatua mbili, palikuwa na jiko la mkaa na karai la mafuta yanayochemka, na mama mtu mzima anayeuza mihogo. Stuli ile ilikuwa ya mjukuu wake. Mtoto alikuwa ameinuka dakika ile kwenda kutafuta chenji.

Nilitoa pesa za stuli. Mama hakuzitazama. Aliniuliza neno moja tu: "Mwanangu, ulikuwa waangalia nini?"

Sikuwa na jawabu. Nilikuwa naangalia, wallahi nilikuwa naangalia, na gari lilikuwa linakwenda mwendo wa kobe. Lakini mahali nilipotazama hapakuwa mahali gurudumu lilipopita. Tangu siku ile nimeuliza mafundi, nimepima mwenyewe, na nimesimama Mama Ngina jioni nyingi kutazama wenzangu wakifanya nilichofanya. Makala haya ndiyo jawabu langu kwa yule mama, ingawa limechelewa.

Kwa nini pikapu hutudanganya

Tuanze na haki ya yule kijana. Alisema kweli. Ukingo mwingi wa njia zetu huinuka sentimita 10 hadi 15 kutoka barabarani. Gari dogo la saluni likijaribu kuupanda, litakwaruza bampa au tumbo, na mwenyewe atarudi nyuma kwa aibu. Pikapu kama Hilux au D-Max tumbo lake liko juu zaidi ya sentimita 20, magurudumu ni makubwa, na chini limejengwa juu ya chesisi ya chuma. Limetengenezwa kwa njia za Kinango na Ganze, za mawe na makorongo. Pikapu za Land Cruiser zimekuwa zikiunganishwa papa hapa kwetu, kiwanda cha AVA kule Miritini, na sote tunajua zinatumwa wapi: jangwani, porini, kwa askari na watu wa misaada. Gari kama hilo ukilionyesha ukingo wa Mama Ngina, kwake ni mchezo.

Kwa hivyo gari ndogo huzuiwa na umbile lake lenyewe. Pikapu haizuiwi na kitu ila akili ya dereva. Na dereva hupimia akili yake kwa kuuliza, "Gari litaweza?" Gari litaweza. Swali lenyewe silo hilo.

Kuna jambo la pili. Pikapu ni refu kuliko pakingi zetu. Nafasi moja ya gari kwa kawaida hupimwa mita 2.5 kwa 5. Hilux ya milango minne ina urefu wa kama mita 5.3 na upana wa karibu mita 1.9. Probox ina mita 4.2 tu. Maana yake ni kwamba pikapu likiegeshwa ndani ya mistari, mkia au pua hubaki nje. Na upande wa upana, ukitoa mita 1.9 kwenye 2.5, unabakiwa na sentimita 30 kila upande, hapo hata mlango haufunguki sawasawa. Ndiyo maana mwenye pikapu huwa na mazoea ya kuazima nafasi isiyokuwa yake, na nafasi iliyo karibu kuliko zote ni njia ya waendao kwa miguu.

Gurudumu la nyuma lina njia yake

Hapa ndipo lilipo jawabu la swali la mama.

Sisi madereva, hata tulioendesha miaka mingi, huamini kwamba magurudumu ya mbele yakipita salama, ya nyuma yatafuata nyayo zile zile. Si kweli. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayokunja. Ya nyuma huburutwa tu, na mwenye kuburutwa hukata kona. Gari likikunja kushoto, gurudumu la nyuma la kushoto hupita ndani zaidi ya lile la mbele. Kadiri gari lilivyo refu kati ya ekseli mbili, ndivyo linavyozidi kukata.

Kwa pikapu ya milango minne, umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni kama mita 3.1. Ukikunja usukani wote, gurudumu la mbele la nje huchora duara ambalo kutoka katikati hadi ukingoni ni kama mita 6.4. Fanya hesabu ya pembetatu tuliyofundishwa shule, utaona la nyuma huchora duara la mita 5.6 hivi. Tofauti ni karibu sentimita 80. Sentimita 80 ni nafasi ya mtoto aliyekaa kwenye stuli, na mamake kando yake.

Usiyeamini hesabu, nenda ufuoni maji yakitoka, au kwenye kiwanja chochote cha mchanga. Kunja usukani mpaka mwisho, zunguka nusu duara, kisha shuka utazame alama. Utaona mistari minne, si miwili.

Sasa rudi kwenye ukingo wangu. Nilikuwa nimeegesha sambamba na njia, ukingo uko kushoto kwangu. Nilipokata kushoto, gurudumu la mbele lilipanda ukingo pale mbele, mahali nilipopatazama. La nyuma halikungoja kufika pale. Lilipanda mita kadhaa nyuma ya hapo, ubavuni mwa gari, mahali ambapo la mbele halikugusa kabisa. Pale ndipo ilipokuwa stuli.

Na tuzidi kujikumbusha: kwetu Kenya dereva hukaa kulia. Gurudumu la nyuma la kushoto ndilo lililo mbali naye kuliko yote. Njia za miguu nyingi ziko kushoto. Pikapu ni refu kwenda juu, kioo cha dirisha cha abiria kinaanzia kifuani pa mtu mzima, na mtoto aliyeketi chini haonekani kwa jicho wala kwa kioo cha pembeni. Nyuma ya mlango wa sanduku ni vivyo hivyo: mtoto mdogo aliyesimama pale hupotea kabisa. Kwa hivyo ile sehemu yenye hatari kubwa zaidi ndiyo hiyo hiyo dereva asiyoiona. Mwendo wa polepole haukuniokoa, kwa sababu upofu wa polepole ni upofu vilevile.

Wasomaji wangu wenye magari mapya watasema wana kamera. Kamera nyingi zinatazama nyuma, hazitazami ubavuni, na ukienda mbele nyingi hujizima. Isikutie ushujaa.

Gari lenyewe linaumia

Asiyeingiwa na huruma ya watu, labda ataingiwa na huruma ya mfuko wake.

Fundi mmoja wa matairi alinionyesha tairi la pikapu lenye uvimbe ubavuni, umbo la yai la kuku. Tairi linapogonga kona ya saruji, ubavu wake hubanwa kati ya ukingo na rimu ya chuma. Ndani ya mpira kuna nyuzi zinazolishikilia tairi. Nyuzi zikikatika, mpira wa nje unabaki mzima lakini nguvu imekwisha, na upepo unausukuma pale palipo dhaifu. Uvimbe ule haushonwi wala haubandikwi kiraka. Siku moja uko barabara ya Malindi, mwendo wa 80, joto la saa saba, tairi linapasuka. Utalaumu tairi, kumbe ugonjwa uliuokota Mama Ngina jioni ya Idi. Na tairi lenye upepo pungufu hubanwa kwa urahisi zaidi.

Baadaye ni usukani. Kupanda ukingo kwa pembe hulifanya gurudumu moja la mbele lisukumwe pembeni kwa nguvu. Vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu hupinda kidogo kidogo, gari linaanza kuvuta upande mmoja, na tairi linalika ndani huku nje lingali jipya. Wengi huenda kufanya alaimenti kila mara bila kujiuliza kinachoiharibu ni nini.

Na nyuma kuna springi za bapa. Springi hizi zimepangwa kubeba mzigo. Sanduku likiwa tupu huwa ngumu kama ubao, kwa hivyo mkia wa pikapu tupu ukishuka ukingoni huruka. Sanduku likiwa na mzigo, mambo hugeuka: gurudumu moja likipanda na la pili likabaki chini, gari linalala upande, na mzigo wote unatelezea huko. Mlamu wangu aliwahi kumwaga viti barabarani namna hiyo. Wanaopakia watu nyuma siku za sikukuu, hasa vijana wanaokaa juu ya kingo za sanduku, wakumbuke kwamba mtu hana kamba ya kumfunga kama kiti.

Njia nayo inavunjika

Mama Ngina tunayoifurahia leo si ile ya utotoni mwetu. Ilifanyiwa ukarabati mkubwa, ekari 26 za ufuo, kazi iliyotajwa kugharimu kama shilingi milioni 460, na ikafunguliwa rasmi na Rais wa wakati ule, Uhuru Kenyatta, mwezi wa Oktoba 2019, wakati sherehe za kitaifa za Mashujaa za tarehe 20 zilipoletwa papo hapo. Palijengwa viti, ngazi na njia pana za kutembea. Wako walionung'unika wakati ule, na wengine wananung'unika hadi leo, lakini jioni ukienda utawaona wananung'unikia juu ya viti vile vile.

Njia nyingi za miguu za siku hizi, pale na katikati ya mji, zimetandikwa kabro. Watu wengi hudhani kabro hushikwa na saruji chini yake. Hapana. Kabro hupangwa juu ya mchanga ulioshindiliwa, na hushikana zenyewe kwa kubanana, na mchanga mwembamba katikati ya viungo. Kinachozizuia zisitawanyike ni ule ukingo wa pembeni. Ukingo kwa kabro ni kama kamba kwa mzigo wa kuni. Kamba ikilegea, kuni zingalipo, lakini mzigo haupo tena.

Ukingo umejengwa kuhimili kusukumwa kidogo na gurudumu lililogusa kwa bahati mbaya. Haukujengwa kubebeshwa gari. Pikapu tupu ya milango minne ina uzito wa kama tani 2, kwa hivyo gurudumu moja hubeba wastani wa nusu tani, na likiwa linapanda kwa pembe hubeba zaidi. Mafundi hutofautisha: kabro za kukanyagwa na watu kwa kawaida huwa za unene wa milimita 60, na penye magari mazito hutumia za milimita 80 juu ya msingi ulioshindiliwa zaidi. Njia ya miguu ikitandikwa kwa hesabu ya miguu, kuipitisha pikapu juu yake ni kuikopesha deni lisilo lake.

Kinachofuata hakionekani siku ile. Jiwe la ukingo linasogea kama kidole kimoja. Kabro za kando zinapata nafasi ya kucheza. Masika yakija, maji yanaingia viunganoni na kuondoka na mchanga. Kabro tatu zinazama, moja inainuka. Pikapu la pili linapita pale pale, maana palishainama na ni rahisi kupanda. Baada ya mwaka pana shimo na dimbwi, na sote tunasema kaunti haifanyi kazi. Huenda haifanyi, hilo nimeliandika mara nyingi. Lakini shimo hili si la kaunti. Ni letu, tulilichimba kwa magurudumu.

Njia ni haki ya nani?

Sheria ya Kenya haina utata hapa. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inasema kuendesha gari juu ya njia ya waendao kwa miguu ni kosa. Katika orodha ya faini za makosa madogo, kosa hilo limewekewa shilingi 5,000. Stuli ya mjukuu yule nililipa bei ya stuli tu, na nilipona faini kwa kuwa hapakuwa na askari. Sijisifu kwa hilo.

Lakini faini haielezi kwa nini ni kosa. Ukingo ni mstari wa makubaliano kati ya dereva na mpita njia. Upande wa chini, mwenye miguu ndiye anayejihadhari: hutazama kulia, kushoto, huwashika watoto mkono. Akishapanda ukingo, anauachilia mkono wa mtoto. Anaanza kuzungumza, anakula mhogo, anatazama meli. Yule mama hakuwa mzembe kumkalisha mjukuu pale. Alikuwa upande ambao ameambiwa kwamba gari haliji. Dereva anayepanda ukingo anamvamia mtu aliyeambiwa apumzike.

Fikiria pia wasioweza kuruka. Mtu wa kiti cha magurudumu akikuta pikapu limeziba njia hana la kufanya ila kushuka barabarani, na kushuka kwenyewe ni mtihani. Mzee wa mkongojo akikuta kabro imeinuka, huanguka, na mzee akianguka akavunjika nyonga, nyumba nzima huanguka naye. Asiyeona hufuata ukingo kwa fimbo yake. Ukingo uliosogea humpoteza.

Watu wa Mji wa Kale tungepaswa kulielewa hili kuliko wote. Mitaa yetu ilichorwa kwa miguu. Ndia Kuu na vichochoro vya Kibokoni vilikuwapo kabla dunia haijaona gari la petroli, na mwanzoni mwa karne ya 20 wakubwa walipotaka kupelekwa Kilindini walipanda vigari vya reli ndogo vilivyosukumwa na watu. Nje ya nyumba zetu tuliweka baraza, na baraza ni njia na ukumbi kwa pamoja. Mpaka leo pikapu likiingia kule ndani kuleta mzigo wa duka, linapita kwa heshima: dereva hukunja vioo vya pembeni, hushusha dirisha, husalimia waliokaa barazani, na kijana hutangulia mbele kusogeza watoto. Hakuna askari anayemlazimisha. Analazimishwa na macho ya watu wanaomjua mamake.

Mwendo wa kutoka Mji wa Kale hadi Mama Ngina ni mfupi, lakini dereva yule yule akifika kule, penye upana na watu asiowajua, adabu ile huiacha njiani. Nami nilikuwa mmoja wao. Sote tulisomeshwa chuoni, tungali watoto, kwamba kuondoa udhia njiani ni katika imani, hata kama ni mwiba. Sijui mwalimu wangu angesema nini angeniona ninauleta udhia wa tani 2.

Basi tufanye nini?

La kwanza, pikapu liegeshwe mbali, utembee. Mama Ngina ni mahali pa kutembea. Mwenye kuona uvivu wa hatua 200 amefuata nini huko? Siku za sikukuu, mizigo ishushwe, kisha gari lirudi nyumbani au lipelekwe penye nafasi, na wenyewe warudi na tuktuk.

La pili, ukiegesha, ingia kinyumenyume. Gari likirudi nyuma, magurudumu yanayokunja yako mkiani mwa mwendo, kwa hivyo linaingia pembamba kwa urahisi zaidi. Na wakati wa kutoka, ambapo ni usiku na watoto wamejaa, utatoka ukitazama mbele. Acha nafasi mbele yako ya kukunjia, hata ukionekana mshamba.

La tatu, ukizibwa, subiri. Najua inakera. Lakini muulize muuza kahawa, atamjua mwenye Probox au atamjua anayemjua. Mimi siku ile ningengoja dakika 10 tu. Baada ya stuli kuvunjika, mwenye Probox alikuwa miongoni mwa waliokusanyika kunitazama.

La nne, likikuja la dharura kweli, mgonjwa au moto, na lazima upande, usipande peke yako. Mtu mmoja asimame upande wa kushoto nyuma, umwone kwenye kioo. Ukiacha kumwona, simama. Watu na majiko yaondolewe kwanza, urefu wote wa gari na zaidi, si mbele tu. Panda ukingo ukiukabili sawasawa, magurudumu mawili ya mbele pamoja, gea ya kwanza, bila kukimbilia. Shuka vivyo hivyo, ukiliachia gari lishuke, usilirushe. Ukifika, tazama mbavu za matairi, ndani na nje.

La tano, ni la wenye mamlaka. Pawekwe nguzo fupi pale palipozoeleka kupandwa, na jiwe la ukingo lililosogea lirudishwe kabla ya masika, si baada. Na wauzaji watengewe mahali pao, wasibanwe ukingoni kana kwamba wao ndio kikwazo.

Wiki mbili baada ya Idi nilirudi Mama Ngina na watoto. Mama wa mihogo alikuwa pale pale, na mjukuu amekalia kopo la rangi lililopinduliwa. Nilimpa stuli niliyomnunulia Marikiti, ya mbao. Aliipokea, akaijaribu kwa mkono kama mtu anayepima nazi, kisha akaniuliza gari nimeliweka wapi. Nikamwambia nimeliacha mbali, nimekuja kwa miguu. Akanikatia mhogo, akatia pilipili na ndimu, akasema nikae.

Jiwe la ukingo nililolisogeza bado limesogea. Ukipita hapo na mzee wako, mshike mkono.